Daktari Anayeweza Kukukatalia

Mikumi ni mji usiolala. Malori ya Tunduma na Zambia yanapita usiku kucha, mabasi ya Mbeya yanashusha abiria wanaotafuta chai na supu, na mhudumu wa zamu ya usiku katika nyumba ya wageni anajua kwamba mlango utagongwa saa nane, ugongwe tena saa tisa, na kabla hajapata lepe la usingizi kutakuwa kumekucha. Kilosa mjini, ndani ya wilaya hiyohiyo, mambo yalikwenda taratibu zaidi hadi treni ya SGR ilipoanza kupita mwaka 2024. Mtu mwenye weusi chini ya macho katika miji hii si kioja. Kilichobadilika ni dawa anayoonyeshwa. Zamani alishauriwa abandike vipande vya tango, au majani ya chai yaliyopoa, na alale mapema. Sasa, kwenye simu ileile anayopokelea fedha, anaonyeshwa video fupi ya mwanamke aliyejilaza kwenye kitanda cheupe Dubai au Istanbul, sindano inapita chini ya jicho, halafu uso unang'aa. Video hiyo inafika Mikumi dakika ileile inapofika Masaki, Dar es Salaam, na maswali inayoyazaa ni yaleyale: bei gani, nchi gani, kliniki ipi. Ninachokisema mimi ni kwamba maswali yote matatu yamekuja mapema mno, na kwamba safari ya nje, kwa jinsi inavyopangwa, humfanya mtu akate shauri kabla hajajua ana tatizo gani.

Tuanze na sindano yenyewe. Kinachochomwa huitwa fila, yaani kijazio, na inayotumika zaidi ni jeli ya asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza na kukiweka kwenye ngozi na kwenye maungio. Jeli ikiingizwa chini ya ngozi, inajaza nafasi iliyobonyea. Kazi yake inaishia hapo. Haifuti rangi, haifichi mishipa yote ya damu, wala haimlipi mtu usingizi alioukosa. Nchini Marekani jeli za aina hii zilianza kuidhinishwa kwa mikunjo ya uso mwaka 2003, lakini mamlaka ya chakula na dawa ya huko, FDA, haikuidhinisha hata moja mahususi kwa bonde la chini ya jicho hadi mwaka 2022, na hapo ni kwa watu waliovuka miaka 21. Kwa karibu miaka ishirini katikati, madaktari walikuwa wakiichoma mahali hapo kwa uamuzi wao wa kitaalamu, nje ya maelekezo ya kibali. Jambo hilo si haramu, na hutokea katika tiba nyingi. Ila linatuambia kwamba ngozi ya chini ya jicho, ambayo ni nyembamba kuliko sehemu nyingine za uso, haikuwahi kuwa mahali pa mchezo hata kwa wale wenye maabara zao.

Weusi wenyewe nao si wa aina moja. Upo unaotokana na rangi: melanini imejaa kwenye ngozi ya eneo hilo, mara nyingi kwa kurithi, na ukiangalia picha za shangazi na bibi unaukuta pale pale. Upo unaotokana na mishipa ya damu inayoonekana kupitia ngozi nyembamba. Upo ambao si rangi hata kidogo, ni kivuli: umri au umbile la mifupa limeacha bonde kati ya kope na shavu, na mwanga wa juu ukipiga, bonde linatia giza. Watu wengi wana mchanganyiko. Mtu anaweza kupata fununu nyumbani kwake bila kulipa chochote. Asimame mbele ya kioo mchana karibu na dirisha, kisha ainue kidevu hadi mwanga uuangukie uso moja kwa moja. Weusi ukipungua sana, sehemu kubwa ilikuwa kivuli. Kisha aivute taratibu kwa kidole ngozi ya chini ya jicho. Weusi ukisogea pamoja na ngozi bila kufifia, hiyo ni rangi. Hiki si kipimo cha daktari na hakiwezi kuchukua nafasi yake. Kinatosha, hata hivyo, kuonyesha kwamba swali lipo. Na kwa watu wenye ngozi nyeusi, rangi ndiyo inayotangulia mara nyingi. Ukijaza jeli chini ya ngozi iliyokoza, utapata ngozi ileile iliyokoza, safari hii ikiwa imeinuka kidogo.

Halafu kuna mambo ambayo hayahitaji sindano wala pasipoti. Wilaya ya Kilosa inapikia kuni na mkaa kama sehemu kubwa ya nchi. Ruhembe, jirani na Mikumi, miwa huchomwa moto kabla ya kuvunwa na majivu yake huelea hewani. Barabara za vumbi hazijaisha. Mtu mwenye mzio anayefikicha macho asubuhi na jioni anajikolezea rangi kwa mikono yake mwenyewe, maana ngozi inayosuguliwa kila siku hujibu kwa kutengeneza melanini zaidi. Dawa ya mzio na kuacha kufikicha vinaweza kufanya ambacho jeli haiwezi. Damu nayo isisahauliwe. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliwakuta wanawake wapatao wanne kati ya kila kumi wenye umri wa kuzaa wakiwa na upungufu wa damu. Uso uliopauka huufanya weusi wa macho ujitokeze zaidi, na mwanamke anayechoka kila siku ana haja ya kupimwa damu kwenye kituo cha afya kabla ya kupigiwa hesabu ya nauli. Kipimo hicho kinapatikana Kilosa, kinapatikana Mikumi, na gharama yake haifiki hata bei ya tiketi ya kwenda Dar es Salaam.

Sababu moja nyingine inasemwa kwa sauti ya chini, nayo ni mkorogo, yaani vipodozi vya kuchubua ngozi. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini, na tangu mwaka 2019 jukumu la kusimamia vipodozi lipo kwa Shirika la Viwango, TBS, huku iliyokuwa TFDA ikibaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Marufuku hiyo haijamaliza kopo lisilo na lebo kwenye meza ya mnadani. Mtu anayejipaka haidrokwinoni kwa miaka anaweza kuishia na okronosisi, weusi wa kijivu unaojikusanya mashavuni na kuzunguka macho, mgumu kutibika kuliko rangi aliyokuwa anaikimbia. Akifika kliniki ya nje na kuomba ajaziwe chini ya macho, daktari asiyemuuliza anapaka nini nyumbani atakuwa ameujazia jeli ugonjwa ambao kopo lake limebaki kwenye begi. Maswali ya aina hiyo huchukua muda, na yanahitaji mtu anayekuelewa unaposema "losheni ya kawaida tu".

Sasa tuitazame safari. Mtu wa Kilosa au Mikumi anayetaka kwenda nje kwa ajili ya fila hutuma picha mbili tatu kwa simu, hupewa bei, hulipa sehemu ya fedha, kisha hukata tiketi, huomba viza, huomba ruhusa kazini. Wakati anaingia chumba cha daktari, kila kitu kimeshalipiwa isipokuwa uchunguzi. Ndipo daktari anapogusa ngozi yake kwa mara ya kwanza. Je, atamwambia nini? Daktari mwaminifu anaweza kuona kwamba weusi ule ni rangi, au kwamba mifuko ya chini ya macho imeshavimba na jeli itaizidisha, na akapaswa kusema: rudi nyumbani, sindano hii si yako. Maneno hayo ni magumu kumwambia mtu aliyevuka bahari. Ni magumu zaidi kwa mtu huyo kuyapokea, kwa sababu amekopa, ameaga, na wenzake wanasubiri kumwona amerudi na sura mpya. Hapo ndipo ilipo hatari kubwa ya safari, kabla hata ya kuzungumzia ustadi wa mkono. Katika uamuzi huu, daktari mwenye thamani kuliko wote ni yule anayeweza kukukatalia na wewe ukaweza kukubali kukataliwa. Tiketi ya ndege huwafunga mikono wote wawili.

Inawafunga tena baada ya sindano, maana tiba hii haiishi sindano inapotolewa. Uvimbe na michubuko huchukua siku kadhaa, na matokeo huangaliwa vizuri baada ya wiki mbili hivi, wakati wengi wameshakuwa nyumbani. Jeli huvuta maji, kwa hiyo wapo wanaoamka na macho yaliyovimba miezi mingi baadaye. Wateja huambiwa kwamba itayeyuka yenyewe kwa muda wa mwaka mmoja hivi, lakini picha za MRI zimewahi kuikuta jeli usoni miaka kadhaa baada ya kuchomwa. Ipo dawa ya kuiyeyusha, kimeng'enya kiitwacho hayaluronidezi, na hii ni sifa kubwa ya aina hii ya fila. Ila dawa hiyo huchomwa na mtu anayejua ni jeli gani imewekwa, wapi na kiasi gani. Anayerudi Mikumi bila karatasi yenye jina la jeli na namba ya toleo lake anamwachia daktari wa hapa kazi ya kubahatisha. Anayeingia mbuga ya Mikumi kwa barabara kuu hukuta ubao unaomtajia faini ya kila mnyama atakayemgonga, kabla hajakanyaga mafuta. Wauzaji wa sindano hizi hawajatundika ubao wa namna hiyo kwenye video zao.

Madhara makubwa ni nadra, na si haki kumtisha msomaji. Kwa mwaka 2023 pekee, chama cha kimataifa cha madaktari wa upasuaji wa urembo kilikadiria zaidi ya taratibu milioni 5 za asidi ya hayaluroniki duniani. Mapitio ya kitabibu yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikusanya visa 98 vya watu walioharibika uwezo wa kuona baada ya fila za aina mbalimbali, na mengine ya mwaka 2019 yakaongeza 48. Ukilinganisha na mamilioni, ni wachache. Lakini jeli ikiingia kwenye mshipa wa damu unaolisha jicho, muda wa kuokoa huhesabiwa kwa dakika, na wengi wa waliopatwa hawakurudishiwa macho yao. Mshipa wa ngozi ukiziba, dalili ya mwanzo ni ngozi kupauka kuwa nyeupe. Wengi wetu ni watu weusi, na kupauka huko hakuonekani kwetu upesi kama vitabu vilivyoandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe vinavyoeleza. Daktari anapaswa kubonyeza ngozi na kuangalia damu inavyorudi. Zaidi ya hapo, ngozi nyeusi ikichubuliwa huacha alama nyeusi. Mtu anaweza kwenda kuondoa weusi akarudi na weusi wa sindano juu ya ule wa kurithi. Tuseme na upande wa pili pia: ile rangi ya kibuluu ambayo jeli iliyowekwa juu mno huitoa kwa Wazungu, kwetu huonekana kidogo. Uvimbe ndio usiofichika.

Hoja ya kwanza ya kunipinga ina uzito: huko nje wamefanya kazi hii mara nyingi kuliko sisi, na mazoea ya mkono ni kitu. Kweli. Ila "huko nje" hapana sheria moja. Uingereza ni mfano mzuri kwa sababu wengi wetu tunadhani Ulaya kila kitu kimefungwa kwa kanuni. Huko England, sheria iliyoanza kutumika Oktoba 2021 ilikataza kuwachoma fila watoto walio chini ya miaka 18, na sheria ya afya ya mwaka 2022 ikaipa serikali uwezo wa kuanzisha leseni kwa kazi hizi. Maana yake ni kwamba hadi wakati huo mtu asiye daktari wala muuguzi aliweza kumchoma mtu mzima fila usoni bila leseni yoyote. Mwenye ndugu London anayemwambia "njoo, hapa wako makini" anapaswa kuulizwa: nani hasa, na amesajiliwa wapi? Swali hilo linafaa Dubai, linafaa Istanbul, linafaa Mumbai. Jina la jiji si cheti.

Ya pili ni kwamba hapa kwetu hakuna. Hii ilikuwa kweli zaidi kuliko ilivyo leo. KCMC mjini Moshi imekuwa na kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu miaka ya 1990, kinachofundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika, na hapo hapo hutengenezwa mafuta ya kukinga jua kwa watu wenye ualbino. Hospitali ya Taifa Muhimbili, kwenye tawi lake la Mloganzila, imeanza miaka ya karibuni kutoa huduma za upasuaji rekebishi na wa kuboresha mwonekano. Sisemi kwamba kila sindano inayopatikana Dubai inapatikana Mloganzila. Nasema kitu kidogo zaidi: macho ya kitaalamu ya kuutazama weusi huo na kuutaja kwa jina lake yapo nchini. Mtu wa Kilosa anapanda treni asubuhi na kufika Dar es Salaam mchana haujafika. Wa Mikumi hana reli hiyo, ana basi na karibu kilomita 300 zenye matuta ya mbugani ndani yake, lakini naye anaweza kwenda, akaambiwa "hapana", na hasara yake ikawa nauli na siku mbili za kazi. Hasara ya namna hiyo inabebeka. Ndiyo maana jibu la "hapana" linawezekana.

Kuna wanaosema suala lote ni upuuzi wa wenye fedha, kwamba weusi wa macho haujamuua mtu. Siwaungi mkono. Katika miji midogo sura husomwa. Mwenye macho yaliyoingia ndani huulizwa kama anaumwa, husemwa kwamba anakunywa, na wapo wanaonong'ona mabaya zaidi; anayekaa mapokezi ya hoteli ya watalii au dirisha la wakala wa fedha anafanya kazi kwa uso wake kuanzia asubuhi. Kutaka kuonekana mzima si dhambi, na fedha ni zake. Wala sidai kwamba Mungu amekataza. Ninachokidai ni kwamba mtu anayeumizwa na maneno ya watu ndiye anayeuziwa kwa urahisi zaidi, kwa hiyo ndiye mwenye haki kubwa zaidi ya kupata daktari asiye na haraka naye.

Hoja inayonisumbua kweli ni ya mfanyabiashara. Wapo wanawake wa Morogoro, Kilosa na Mikumi wanaofuata mzigo Dubai au Guangzhou. Nauli imeshalipwa na nguo, viza imeshagongwa, na sindano inakuwa nyongeza ya mchana mmoja kati ya soko na uwanja wa ndege. Kwa hesabu yake, habari yangu ya tiketi kumfunga mtu haimhusu. Kwa kiasi fulani yuko sahihi, na kwa kiasi fulani hali yake ni mbaya zaidi, kwa sababu ratiba yake ina mchana mmoja, na kesho yake atabeba mizigo, atakesha uwanja wa ndege na kupanda ndege akiwa na uso uliochomwa saa ishirini zilizopita. Lakini yeye ana kitu ambacho msafiri wa mara moja hana: atarudi tena. Basi aigawe kazi hiyo. Afike kwanza kwa daktari wa ngozi hapa nchini, apimwe na damu. Akiambiwa kwamba ana bonde kweli, safari ya kwanza aende kliniki kuangaliwa tu, bila sindano, na aone kama watakubali kumwangalia bila kumchoma. Kliniki inayokasirika kwa hilo imeshajieleza. Safari inayofuata, akiridhika, achomwe siku ya kwanza ya kufika, akae siku zake za mzigo akiwa karibu na aliyemchoma, aondoke na karatasi yenye jina la jeli, kiasi chake na namba ya toleo, pamoja na simu ya daktari mwenyewe badala ya ile ya dalali. Asiyeweza kupanga safari mbili hivyo, na ambaye hapa nchini bado hajatazamwa na yeyote, aache kulipa ile sehemu ya fedha inayoombwa kwenye simu.